Chumvi Niliweka Mimi

Mnaposhuka kwenye magari Desemba, wenzangu hutazama mmevaa nini na mmenenepa kiasi gani. Mimi natazama miguu. Mtu akivua soksi na mpira wake umeacha mfereji kwenye ngozi, nambonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Shimo likibaki pale nilipobonyeza, namuuliza habari za dawa kabla sijamuuliza habari za watoto. Ndiyo maana mnasema Bibi Kandida ni mkali. Semeni. Ukali haujawahi kumjaza mtu maji miguuni.

Vijana wa jumuiya yetu hapa Uru mmeniomba niandike habari za kazi yangu, labda mkidhani nitawaandikia mapishi. Nimesoma hadi darasa la nne, kwa hiyo mkikuta mstari umepinda, mnyooshe wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kupika chakula kisicho na chumvi. Miaka thelathini na mmoja, katika hospitali moja ya Moshi mjini, upande wa wagonjwa wa moyo, presha na figo. Watu wakiniuliza nafanya nini nikawajibu, walicheka. "Yaani umeajiriwa kwa kutotia kitu?" Ndiyo. Na kutotia ni kazi ngumu kuliko kutia, mtakuja kuona.

Nitawaambia pia la nyumbani kwangu, maana bila hilo haya mengine ni maneno ya jikoni tu. Mume wangu aliondoka kwa ugonjwa wa moyo katika siku hizi hizi za sikukuu. Na Krismasi ya mwaka jana mwanangu Prosper, mwenye ugonjwa ule ule, aliondoka hapa kwangu kwa hasira. Mwaka mzima nimekaa sijui kama atarudi, na akirudi, atarudi vipi.

Lakini nianze na jikoni.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Filomena, mpishi mkuu, mwanamke mfupi wa Kibosho mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya korongo. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya sufuria mbili kubwa. Moja ilikuwa haina kitu ubavuni, nyingine imepakwa duara jekundu kwa rangi ya mlango.

"Hii ya duara ni ya moyo," akasema. "Mwiko wake usiguse kule, na wa kule usiguse huku. Ukichanganya miko umechanganya watu."

Nikamuuliza, "Na nikisahau nikatia chumvi, si naongeza maji?"

Akanitazama kama aliyeletewa ndama kipofu. "Mwanangu, chumvi ikishaingia haitoki. Ukiongeza maji umeongeza supu ya kumdhuru mtu, basi."

Nilidhani nimeelewa. Sikuwa nimeelewa.

Katika mwaka wangu wa pili aliletwa mzee mmoja wa Masama, tukimwita Meku, kama tunavyowaita wazee huku kwetu. Moyo wake ulikuwa umechoka. Akilala chali anahema kama aliyetoka kuzama mtoni, kwa hiyo alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Chakula chetu alikigusa kwa ncha ya kijiko, kisha anageukia ukutani. Siku moja akaniambia, "Mama, mimi sili chakula cha maiti. Nipikie kiburu, nife nimeshiba."

Kiburu mnakijua, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja. Nikamhurumia. Nikapika kiburu kwenye sufuria ya duara, bila punje ya chumvi, na nikatia magadi kidogo maharage yalainike, kama mama yangu alivyotia, na bibi yangu kabla yake. Hakuna mwanamke wa mlimani asiyetia magadi. Meku akala sahani nzima. Nikafurahi, nikampikia tena kesho yake, na kesho kutwa.

Baada ya wiki moja miguu yake ikawa kama magogo ya mgomba. Daktari akashuka jikoni mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Nani anampa chumvi yule mzee?"

"Haki ya Mungu, daktari, chumvi sijamtilia."

Mama Filomena alichukua kijiko, akachota mabaki ya kiburu, akaonja, akafumba macho. "Kandida, magadi umetia?"

"Nimetia, lakini kidogo."

"Hukutia chumvi," akasema. "Umemtilia mama yake chumvi."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba magadi na chumvi ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba moyo hautofautishi nani kaingia mlango upi. Meku walimtoa maji kwa dawa, akakojoa siku tatu mfululizo, akapona kiasi cha kwenda nyumbani. Alipopita jikoni kuaga, alinishika mkono. "Kiburu chako kilikuwa kitamu, mama. Kidogo kinimalize, lakini kilikuwa kitamu."

Mimi nilicheka mbele yake, kisha nikaenda stoo nikalia nyuma ya magunia.

Kwa hiyo wewe binti unayepika kwenu Desemba, sikiliza. Maharage loweka jana yake, mwaga yale maji, yapike taratibu kwa moto mdogo. Magadi ni haraka tu, hayana kazi nyingine. Na vile vijiwe vya mchuzi vya dukani mnavyobomoa viwili viwili kwenye sufuria moja, hivyo ni chumvi iliyovaa koti. Soseji ni hivyo hivyo. Mkinijibu kwamba chakula kitakosa ladha, nitawauliza ndimu mmekatazwa na nani? Kitunguu saumu, tangawizi, giligilani, pilipili mbuzi, vyote vinaota hapa hapa. Ndimu kamua ukishaepua sufuria, ukiikamua mapema inaiva na kuwa chungu. Supu ya nyama pika jioni, iache ipoe. Baridi ya Uru itakufanyia kazi yenyewe, asubuhi utakuta mafuta yameganda juu kama barafu ya kule kileleni. Yaondoe kwa upawa. Wengine mnayapenda hayo mafuta na mnayasifia. Yasifieni yakiwa nje ya mwili.

Halafu kuna ulimi. Ulimi ni kama ndama. Ukimwachisha ziwa analia, anapiga kelele wiki ya kwanza hata majirani wanauliza kuna nini. Wiki ya tatu amesahau, anakula majani. Wagonjwa wangu waliovumilia hizo wiki tatu walikuja kuniambia chakula cha hotelini sasa kinawaunguza mdomo.

Msidhani wote walivumilia. Ndugu wa wagonjwa ndio walionizeesha. Walikuja na nyama choma chini ya kanga, na kitimoto, nyama ya nguruwe, ndani ya mkoba wa Biblia. Mwanamke mmoja alimletea mumewe mbavu za mbuzi kazifunika kwa shali la mtoto, kazipakata, anazibembeleza kabisa huku akipita mbele yangu mlangoni.

"Hongera," nikamwambia. "Wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume, mama."

"Mbona ananukia kitunguu?"

Wodi nzima ililipuka kwa kicheko, na mumewe alicheka hadi nesi akaja kumtuliza. Mbavu tulikula sisi wa jikoni.

Siku hizi mambo yamebadilika. Zamani kupima presha ilikuwa safari, sasa kimashine unakifunga mkononi ukiwa sebuleni kwako. Zamani daktari alimwandikia mtu jina la dawa kwenye kikaratasi, kikafuliwa ndani ya suruali. Sasa una simu, piga picha boksi la dawa, kazi imekwisha. Lakini Desemba haijabadilika. Siku ya Krismasi yenyewe wodi ilikuwa inatulia hadi tunapiga soga. Baada ya siku mbili tatu ndipo wanaanza kuletwa, wengine wamevaa mashati mapya bado yana mikunjo ya dukani.

Nao walikuwa na maneno yale yale. Wametoka Dar au Mwanza, wamekuja kuhesabiwa kijijini kila Desemba, kama mnavyotaniwa, wamepakia zawadi za kila mtu, dawa wameziacha juu ya friji. Au dawa wanazo, ila walisikia kwamba vidonge na mbege, pombe yetu ya ndizi, hupigana tumboni, sasa kati ya hao wawili wakaacha kidonge. Au walijisikia vizuri. Hili la kujisikia vizuri ndilo linaloniudhi kuliko yote. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa, ewe mtu! Paa halivuji, basi unaling'oa?

Haya. Sasa la nyumbani.

Mume wangu, Baba Prosper, alikuwa mkulima wa kahawa. Presha ilimpata akiwa na umri ambao wenzake walikuwa bado wanabeba magunia. Miaka saba nilimpikia nyumbani kama nilivyopika kazini, na sufuria yake nikaipaka duara. Kila siku alilalamika. "Mama Prosper, leo umenipikia nini, maji ya kuoshea vyombo?" Kila siku alimaliza sahani. Ndivyo tulivyoishi, yeye akilalamika, mimi nikimjibu, "Kula, usife." Hatukuwa watu wa kuambiana maneno matamu. Hayo ndiyo yalikuwa yetu.

Krismasi ya mwisho ya uhai wake watoto wote walikuja. Prosper alileta ng'ombe dume. Mnajua desturi, lakini wengine mmekulia mjini kwa hiyo niieleze. Mnyama akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe. Kidari, ile nyama ya kifuani yenye mafuta, ni cha baba wa nyumba. Mwana aliyetoka mbali humletea baba yake kwa mikono miwili, mbele ya watu. Baba asipokula, amemkataa mwana. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo.

Shemeji yangu Aloisi, mdogo wa mume wangu, ndiye mchinjaji wa ukoo. Nyama ikiwa bado jikoni akachomoa kipande akaonja. Akakitema mkononi.

"Shemeji! Hii nyama umeiosha au umeipika? Au hospitali wamekufundisha ubahili hadi wa chumvi?"

Watu wakacheka. Wakwe zangu walikuwepo, wametoka Arusha na Dar, nao wakacheka kwa adabu wakiziba midomo. Mimi, niliyesimama mbele ya madaktari nikiwakatalia, mimi niliyenyang'anya watu mbavu mlangoni, niliona haya. Niliona haya mbele ya kicheko cha Aloisi! Nikachota chumvi kiganja kizima nikarusha. Kwa mkono huu ninaoandikia. Nikajiambia ni siku moja.

Prosper akabeba kidari kwa mikono miwili. Baba yake alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Akapokea, akala, akafuta kidevu, akaniangalia kwa chini chini kama mtoto aliyetoroka shule. "Leo nimekuwa baba tena," akasema. Miaka mingi nilikuwa sijamwona amekaa wima namna ile. Siwezi kuwadanganya, nilifurahi. Hata leo nikimkumbuka, namkumbuka akiwa hivyo, na hapo ndipo panaponiuma.

Haikuwa siku moja. Kesho yake tulialikwa kwa Aloisi, kesho kutwa kwa jirani, na kila nyumba kuna kidari chake na kata yake ya mbege. Sikujua kwamba vidonge alikuwa ameacha tangu mkesha. Nilivikuta baadaye kwenye mfuko wa lile koti, vimefungwa kwenye kipande cha gazeti.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, alisema ana kiungulia. Aloisi akampa soda. Akabeua, wakasema, haya, gesi hiyo inatoka. Lakini alikuwa anajisugua kifua, kisha taya, na jasho lilimtoka kama mtu aliyepandisha samadi mlimani, wakati nje kulikuwa na manyunyu na sisi wengine tumejifunika. Nililijua lile jasho. Nililiona wodini miaka na miaka. Nikainama nikamwambia sikioni, "Twende hospitali."

"Tusiwaharibie watoto sikukuu," akanijibu. "Wageni wakishaondoka."

Nami nikasubiri. Niliwasubiri wageni wamalize chai. Nilizunguka na birika, nikawauliza nani anaongeza sukari.

Tulipomwingiza kwenye gari la Prosper manyunyu yalikuwa yamekatika na jua limeshuka hadi kwenye migomba. Hatukufika barabara kubwa.

Kwa hiyo shikeni hili hata kama mengine mtayasahau. Kifua kikibana, maumivu yakipanda tayani au yakishuka mkononi, jasho baridi, pumzi fupi, hiyo msiite gesi. Msimpe soda, msimpe maji ya magadi, msimwombee akiwa ameketi hapo. Mpelekeni hospitali saa ile ile, mtamwombea njiani. Na wageni watajimiminia chai wenyewe.

Tangu hapo sahani yangu hailalamikiwi. Naweza kupika nipendavyo. Bado mkono wangu unapima ndizi za watu wawili, nikishtuka nimemenya nyingi namgawia mbwa. Wakati mwingine nikionja mtori nasema kwa sauti, "Kula, usife," kisha nasimama hapo na mwiko. Mtu hukumbuka mapenzi. Mimi nakumbuka malalamiko, na ningetoa chochote niyasikie, hata lile la maji ya kuoshea vyombo.

Prosper akarithi kifua cha baba yake. Mwaka jana alishuka kwenye gari uso umemjaa, hatua tano za kibarazani zikamfanya ashike nguzo.

"Dawa ziko wapi?" nikamuuliza.

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba. Ziko wapi?"

"Nimezisahau Dar. Niko likizo, mama, nitapumzika tu."

"Moyo wako nao umechukua likizo?"

Akacheka. Nikamwambia ashuke mjini akanunue nyingine. Hajui jina. "Ni kile cheupe, cha duara." Mtu mzima, anajua namba ya gari la bosi wake, hajui jina la kidonge kinachomweka hai. Ilibidi mkewe ampigie simu jirani yao Dar, avunje kitasa, asome boksi. Akapimwa kliniki, akapewa dawa, akapewa na onyo. Nikadhani tumevuka.

Siku ya Krismasi, kijana wake mkubwa akambebea kidari. Sasa baba wa nyumba ni yeye, mnaona. Kwa mikono miwili, mbele ya ukoo wote. Prosper akanyoosha mikono, na mimi nikamwona mwingine amekaa pale, mwenye koti. Nikainuka nikamnyang'anya sahani.

"Shemeji!" Aloisi akapaza sauti. "Kidari hakinyang'anywi! Ni heshima hiyo!"

"Heshima imelala kaburini pale nyuma, katikati ya migomba," nikamwambia. "Nenda kaisalimie."

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya vizuri. Lakini ulimi wangu hauna mlango. Nikaongeza, "Baba yake naye alikula cha kwake, tena kutoka mikono ya huyu huyu."

Prosper alikusanya sahani za watoto, akazipeleka jikoni, akaziosha, yeye ambaye hajawahi kuosha sahani kwangu tangu aoe. Asubuhi gari halikuwepo.

Miezi ikapita. Mkewe alikuwa akinipigia kunisalimia, nikiuliza Prosper yuko wapi, yuko bafuni. Mtu gani anaoga kila Jumapili saa kumi? Ndipo nikafahamu kwamba mwanangu alikuwa amekibeba kile kidari miaka yote, tangu siku ile aliyoendesha gari na baba yake nyuma. Na mimi nilikuwa namwona amekibeba.

Masika ilipoanza nikampigia kwa simu ya jirani ili asiitambue namba. Akapokea.

"Prosper. Sikiliza, usinikatize. Ile nyama ya baba yako, chumvi niliweka mimi."

"Mama unasema nini?"

"Baba yako mdogo alinicheka, nikaona haya, nikatia kiganja kizima. Na vidonge baba yako aliacha mwenyewe. Na kusubiri wageni waondoke, nilikubali mimi, wakati najua. Daktari aliniambia moyo haumalizwi na sahani moja, ulikuwa umechoka tangu zamani, na siku zile zote bila dawa ndizo zilizousukuma. Wewe ulileta kidari kwa mikono miwili kama mwana anavyotakiwa. Huna kosa."

Nilimsikia anavyopumua. Ni masikio ya kazi, nilikuwa nahesabu pumzi zake bila kutaka.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Kwa sababu ulikuwa umebeba wewe," nikasema, "mimi nikapata kupumzika."

Simu ikakatika. Sijui kama aliikata au salio la jirani liliisha, na sikuthubutu kuuliza.

Baada ya hapo nilimngoja. Mnaposikia wazee wa huku wanangoja Desemba, mnadhani wanangoja sukari na vitenge. Barabara ile ya kutoka Dar inaleta watu wetu namna mbili. Kuna anayekuja ameketi, na kuna anayeletwa amelala, akipelekwa moja kwa moja migombani. Mwaka huu kila gari lililopunguza mwendo pale chini nilisimama.

Kichekesho ni Aloisi. Mwezi wa nane alikuja kwangu mchana, akazunguka zunguka uani akisifia ng'ombe, hadi nikamuuliza ana shida gani. "Shemeji," akasema, "hivi ile sufuria yako ya duara bado ipo?" Amepimwa, naye presha. Nikamkalisha, nikampa mtori wa ndizi mshare usio na chumvi. Akaonja, akakunja uso, akaniangalia. Hakutema. Tukaongea hadi kidari. Nikamwambia desturi siitaki ife, nataka baba asife. Tukakubaliana kwamba mwana atabeba kwa mikono miwili kama kawaida, baba atapokea, atakata kipande cha ukucha ataonja, kisha yeye mwenyewe atasimama awagawie wajukuu wote waliopo. Mwana hajakataliwa, na wajukuu wanakula kutoka mkono wa babu. Aloisi akafikiri sana. "Wazee wa zamani wangesema nini?" Nikamwambia wa zamani walipanda mlima huu kwa miguu kila siku na nyama waliiona kwa nadra. Wakitaka kusema, waje waseme.

Juzi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kwenye mteremko chini ya nyumba. Nikasikia gari linasimama pale lami inapoishia, na halikupanda. Nikangoja. Kisha nikaona shati jeupe kati ya mibuni, mtu anakuja kwa miguu, kabeba mzigo begani. Kipande kile ni kikali, wageni wa mjini hukilaani. Alisimama kwenye ua wa Aloisi. Akapanda, akasimama tena kwenye daraja la mfereji, kisha mara mbili nyingine kabla hajanifikia. Panga lilikuwa mkononi mwangu na nilitaka kulitupa nikimbie. Nilisimama. Kama moyo wake ungekuwa na la kusema, nilitaka nilione kwa macho.

Akafika, anahema, lakini midomo ina rangi yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari limeharibika?"

"Liko zima. Daktari anataka nitembee."

"Umepumzika mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mwongo. Nimekuona."

Akacheka, akainamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka saba. "Nne, mama."

"Mwakani ziwe tatu."

Akashusha mzigo chini. Ulikuwa mchele. Baba yake, mtoto akija, alikuwa na kawaida ya kuteremka hadi pale mfereji kumpokea mzigo, hakusubiri afike. Sikulisema hilo, naye hakulisema, ila wote wawili tulijikuta tumegeuka tunatazama kule chini, na hakuna mtu. Kisha mimi nikashika gunia upande huu, yeye akashika upande ule, tukapanda.